Pampu ya mafuta iliyochoka: kuithibitisha kwanza, kisha kuibadilisha nyumbani

Mwanzisha uzi (Njiro, Arusha)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma maswali ya wenzetu wa Arusha na Moshi ambao magari yao madogo ya petroli yanazima njiani, yanachelewa kuwaka au yanaishiwa nguvu mlimani, na karibu kila mara jibu la kwanza wanalopewa ni kwamba wanunue pampu mpya ya mafuta. Wengine wananunua, wanafunga, na gari linabaki na ugonjwa wake uleule. Ninaandika uzi huu kueleza namna ya kuthibitisha kwamba kosa liko kwenye pampu kabla fedha haijatoka mfukoni, kisha namna ya kuibadilisha nyumbani kwa mtu mwenye vifaa, eneo la wazi na subira. Ninazungumzia magari ya petroli yenye pampu ya umeme ndani ya tangi, kama vile IST, Vitz, Premio na Subaru Forester. Wenye Land Cruiser za dizeli za kubebea watalii mtaniwia radhi, maana mfumo wenu ni mwingine kabisa.

Pampu hizi hukaa zimezama ndani ya petroli, na petroli hiyohiyo inayopita katikati ya mota ndiyo inayoipoza na kuilainisha. Kwa sababu hiyo, tabia yetu ya kuweka mafuta ya elfu kumi kila asubuhi na kuishi na taa ya mafuta ikiwaka hutugharimu baadaye, kwani pampu inafanya kazi ikiwa nusu kavu, inapata joto, na gari likipinda au likipanda inameza hewa. Uchafu nao unaziba chujio dogo la kitambaa lililo mdomoni mwa pampu, ambalo mafundi huliita soksi, na pampu inalazimika kuvuta kwa nguvu kuliko ilivyoundwa kuvuta.

Pampu inayochoka haifi siku moja. Dalili ya kwanza kwa kawaida ni kuchelewa kuwaka, hasa gari likiwa limesimama kidogo wakati injini bado ni ya moto. Stata inazunguka vizuri, lakini injini haishiki hadi ujaribu tena na tena. Baadaye gari linakosa nguvu linapobanwa, yaani linapopanda mlima likiwa limejaa watu, au dereva anapokanyaga mafuta ili alipite lori, ingawa katika mwendo wa taratibu mjini halionyeshi tatizo lolote. Hatua ya mwisho ni kuzima ghafla na kukubali kuwaka baada ya kupumzishwa. Mlio wa kuvuma kutoka chini ya kiti cha nyuma, unaoongezeka kadiri siku zinavyokwenda, nao ni dalili, ijapokuwa pampu nzima pia huvuma kidogo.

Kuna jambo ambalo sisi wa huku juu hatulikumbuki sana. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 13. Injini inayovuta hewa pungufu huhitaji petroli pungufu, kwa hiyo pampu iliyochoka inaweza kumvumilia mwaka mzima mtu anayezunguka kati ya Njiro, Kijenge na Sakina, kisha ikamwangusha siku anapoteremkia Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa ni nzito na mwendo ni wa kasi kwa saa nyingi. Hapo Korogwe hulaumiwa kwa ugonjwa uliotoka Arusha.

Sasa tuje kwenye uthibitisho, ambao ndio moyo wa uzi huu. Dalili zote nilizozitaja zinaweza kuletwa na koili ya plagi inayokufa ikipata moto, na sensa ya krankshafti, au na umeme dhaifu unaofika kwenye pampu iliyo nzima kabisa. Anza na vitu visivyo na gharama. Angalia fyuzi ya mfumo wa mafuta, kisha badilishana rilei ya pampu (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha) na rilei nyingine ya aina hiyohiyo iliyomo katika boksi lilelile. Mara nyingi iko ya honi au ya taa inayofanana nayo. Tatizo likihama na rilei, umeokoa fedha nyingi.

Ushauri unaosambazwa sana ni kufungua swichi bila kuwasha injini na kusikiliza kama pampu inavuma kwa sekunde chache. Kwenye Subaru na magari mengine mengi kipimo hicho kinafaa, lakini Toyota nyingi za miaka ya nyuma haziipi pampu umeme mpaka stata izunguke, kwa hiyo ukimya wake haukuthibitishii chochote. Mtu mmoja azungushe stata, mwingine asikilize kwenye mdomo wa tangi uliofunguliwa kifuniko, bila sigara wala moto karibu.

Ukishasikia, pima. Mita ya kawaida ya umeme inatosha kuonyesha volti zinazofika kwenye plagi ya pampu, lakini sharti upime pampu ikiwa inafanya kazi, si plagi ikiwa imechomolewa, kwa sababu waya ulioliwa na kutu unaweza kuonyesha volti 12 ukiwa hauna mzigo na kushuka hadi 9 pampu inapoanza kuvuta. Tofauti kati ya volti za betri na volti za kwenye pampu ikizidi moja, tafuta waya, plagi iliyoungua, au mahali ambapo waya wa hasi umefungwa kwenye bodi. Pampu inayolishwa volti 9 itafanya kazi kama iliyochoka, na hata ukifunga mpya itakuwa vilevile.

Kipimo cha mwisho ni geji ya presha inayounganishwa kwenye bomba linaloelekea kwenye nozeli. Kwa Toyota nyingi zenye injini ndogo kama ile iitwayo 1NZ, presha inayotakiwa ni kati ya kPa 304 na 343, yaani takriban psi 44 hadi 50, na baada ya kuzima injini inatakiwa ibaki angalau kPa 147 kwa dakika 5. Presha ikishuka haraka baada ya kuzima, mara nyingi ni vali ndogo ndani ya pampu, nozeli inayovuja au regileta (kidhibiti cha presha), na hiyo ndiyo sababu ya gari kuchelewa kuwaka huku likienda vizuri likishawaka. Presha ikiwa ndogo wakati wote, ilhali volti ni nzuri, hapo chujio au pampu ndiyo yenye hatia. Kama huna geji, mlipe fundi akupimie. Gharama ya kupima haifiki popote karibu na gharama ya pampu isiyohitajika.

Mchangiaji (Majengo, Moshi)

Ninakushukuru mkuu kwa maelezo yenye mpangilio. Nina Premio ambayo inakwenda vizuri kabisa asubuhi, lakini kila nikienda nyumbani Marangu mchana, nikishapita Himo na kuanza kupanda, inaanza kukosa nguvu, inajikwaa kana kwamba mafuta yamekwisha, na wakati mwingine inazima. Nikiegesha kivulini kwa muda inawaka tena. Tangi kwa kawaida huwa chini ya robo. Kompyuta ya fundi haikuonyesha kosa lolote, na taa ya injini haiwaki. Je, inawezekana pampu ikawa mbovu bila kompyuta kujua?

Mwanzisha uzi

Inawezekana kabisa. Magari ya umri huo hayana sensa ya kupima presha ya petroli, kwa hiyo kompyuta haioni kwamba pampu imedhoofika. Inachoweza kuona ni matokeo yake tu, na wakati mwingine itaandika P0171, yaani mchanganyiko una petroli kidogo mno, na wakati mwingine haitaandika kitu.

Kabla ya yote, siku gari likikugomea mlimani, lizime, kisha fungua kifuniko cha tangi taratibu na usikilize. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu na gari likapata nafuu hapohapo, tundu la kupumulia la tangi limeziba na pampu ilikuwa ikivuta dhidi ya ombwe. Kosa hilo linafanana sana na pampu iliyochoka, na wengi hawalifikirii. Jambo la pili, safari ijayo nenda ukiwa na nusu tangi au zaidi. Tatizo likipungua sana, joto na uchache wa petroli vinahusika, na hiyo inaipa pampu shaka kubwa zaidi, ingawa bado si ushahidi kamili. Ushahidi ni volti na presha, zikipimwa gari likiwa katika hali ileile ya ugonjwa. Ukipima asubuhi injini ikiwa baridi, utaambiwa gari ni zima.

Sasa nieleze kazi yenyewe, na nianze na hatari. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupai. Unashuka, unatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye shimo, mfereji au pembe ya banda. Jiko la mkaa lililo upande wa pili wa ua linaweza kuufikia, au tuseme mvuke ndio utakaolifikia jiko. Ndiyo maana kazi hii haifanywi ndani ya banda la gari lililofungwa, wala karibu na jiko la gesi, jenereta, mashine ya kuchomelea au balbu ya kuning'inia. Fanya mchana, mahali pa wazi, kizimamoto cha unga au povu kikiwa mkononi mwa mtu wa pili, na ndoo ya mchanga mkavu ikiwa karibu. Maji hayazimi petroli, yanaisambaza. Usivae nguo ya nailoni, na gusa bodi ya gari kwa mkono mtupu kabla ya kufungua chochote, ili umeme tuli wa mwilini uishie hapo.

Kwanza punguza mafuta ya tangi yafike chini ya robo kwa kuliendesha gari. Kuyavuta kwa mpira na mdomo ni desturi ambayo ninaomba tuiache, kwa sababu tone la petroli likiingia kwenye mapafu linaweza kumlaza mtu hospitalini, na aliyemeza petroli hatapishwi, anapelekwa kwa daktari. Kisha ondoa presha kwenye bomba: chomoa fyuzi au plagi ya pampu, washa injini iende hadi izime yenyewe, zungusha stata kidogo tena, ndipo ufungue waya wa hasi wa betri.

Kwenye magari niliyoyataja, kalio la kiti cha nyuma linatoka kwa kuvutwa juu upande wa mbele, na chini ya zulia utakuta kifuniko cha bati. Usifungue tangi kabla ya kusafisha. Vumbi letu la huku ni laini na linaingia kila mahali, na kijiko kimoja cha vumbi hilo ndani ya tangi kitaiziba soksi mpya uliyotoka kuinunua. Futa, puliza, futa tena kwa kitambaa chenye unyevu. Ndipo uchomoe plagi, uachie vibano vya bomba huku umeweka kitambaa kwa ajili ya petroli iliyobaki, uweke alama ya jinsi pampu ilivyokaa, na ufungue boliti ndogo za mzunguko au mkanda mkubwa wa plastiki, kutegemea gari.

Mkusanyiko mzima unatolewa kwa kuinamishwa, si kwa kuvutwa wima, kwa sababu mkono wa boya la geji umejitokeza pembeni na ukipinda geji yako itakudanganya daima. Ukishatoka, funika tundu la tangi mara moja.

Ndani ya kikapu hicho cha plastiki kuna pampu yenyewe, soksi, regileta na, kwa magari mengi, chujio kubwa. Unaweza kubadilisha pampu peke yake au mkusanyiko mzima. Mimi hupendelea pampu peke yake kama kikapu ni kizima, mradi soksi ibadilishwe na chujio likaguliwe. Usiijaribu pampu mpya mezani ikiwa kavu. Mwongozo wa Toyota hauruhusu zaidi ya sekunde 10, na cheche za betri karibu na mkusanyiko uliolowa petroli hazihitaji maelezo.

Wakati wa kurudisha, pete ya mpira iwe mpya, ikae kwenye mfereji wake bila kujisokota, na boliti zikazwe kwa kupishana kidogo kidogo kwa spana fupi. Ni boliti ndogo, hazitaki nguvu za kufungia matairi. Rudisha umeme, fungua na kufunga swichi mara kadhaa au zungusha stata, kisha chunguza kwa macho na kwa pua kabla ya kurudisha kiti. Harufu yoyote ya petroli inayobaki ndani ya gari baada ya muda ina maana kwamba pete haijakaa, na gari hilo halipaswi kuendeshwa.

Fundi (Unga Limited, Arusha)

Nimesoma yote, na kwa sehemu kubwa ninakubaliana na ndugu mwanzisha uzi, isipokuwa mambo machache ambayo nayaona kila wiki kwenye magari yanayoletwa baada ya kazi ya nyumbani kushindikana.

La kwanza ni pete ya mpira. Pete ya zamani iliyokaa kwenye mvuke wa petroli miaka mingi huvimba ikishatolewa, na haitarudi kwenye mfereji wake hata ukiibembeleza. Mtu anailazimisha, inabanwa upande mmoja, na wiki moja baadaye anakuja akilalamika kwamba watoto wanatapika kwenye kiti cha nyuma. Pete inunuliwe kabla ya tangi kufunguliwa, si baada ya kugundua kwamba haiingii.

La pili ni kipande cha bomba ndani ya tangi. Baadhi ya pampu huunganishwa kwa mpira mfupi unaozama kwenye petroli, na mpira wa kawaida wa mafuta haufai hapo, hata kama ni mzuri, kwa kuwa ngozi yake ya nje haikutengenezwa kulowekwa. Unaotakiwa una maandishi SAE 30R10. Vivyo hivyo waya: msiunge waya ndani ya tangi kwa tepu ya umeme, kwani gundi yake inayeyuka, na kiungo kinachocheza ndani ya mvuke wa petroli si kitu cha kulala nacho. Tumieni plagi iliyokuja na pampu.

La tatu ni pampu za mtumba. Wateja wengi wanaamini kwamba pampu iliyotolewa kwenye gari la Japani ni bora kuliko mpya ya bei nafuu. Huenda ni kweli kwa injini au giaboksi, lakini pampu ni kitu kinacholika kwa kutumika, na iliyokaa kavu kwenye rafu kwa muda mrefu huwa na kutu ndani. Kuhusu feki, boksi halitoshi kukuhakikishia. Pima uzito mkononi ukilinganisha na ya zamani, angalia kama maandishi yamechongwa kwenye chuma au yamebandikwa, na ununue kwa mtu ambaye atakubali uirudishe.

Mchangiaji (Sakina, Arusha)

Ninaomba kuongeza jambo kwa wenye magari ya karibuni. Mwaka 2020 Toyota ilitangaza kuyaita magari zaidi ya milioni 5 duniani yarudi kurekebishwa, kwa ajili ya pampu zilizotengenezwa na Denso, kampuni ya vipuri ya Japani, na Honda nayo iliita magari yake kwa kosa linalofanana. Feni ndogo ya plastiki iliyomo ndani ya pampu ilikuwa inafyonza petroli, inavimba na kukwaruza ukuta wa pampu hadi inakwama. Mengi ni ya kati ya 2013 na 2020, na magari ya umri huo sasa yanaingia nchini kwa wingi. Namba ya chasi inaweza kukaguliwa kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, na ni vyema kumtaka muuzaji aonyeshe kama kazi ilishafanywa kabla gari halijapakiwa melini.

Mchangiaji (Usa River)

Habari za jioni. Mimi si wa kushika spana, lakini ninataka nijue fundi wangu anafanya nini. Nimeambiwa kwamba pampu yangu imeharibiwa na mafuta yaliyochakachuliwa na kwamba nimwage dawa ya kusafishia nozeli ndani ya tangi kabla ya kununua nyingine. Je, ni sahihi?

Mwanzisha uzi

Dada, dawa ya nozeli inaweza kusafisha nozeli, ila haiwezi kurudishia mota brashi zilizokwisha wala kuondoa mchanga kwenye soksi. Kuhusu kuchakachua, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali za kuyatambua) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya tatizo hilohilo. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli huonekana zaidi kwenye injini, ambayo itagonga, itatoa moshi na kuchafua plagi. Kinachoua pampu moja kwa moja ni maji na uchafu. Mwambie fundi akumiminie petroli ya chini ya tangi kwenye chupa angavu ya kioo na aiache itulie. Maji yatajitenga na kukaa chini, nawe utayaona kwa macho yako.

Kwa fundi, dai vitu vitatu tu: akuonyeshe volti kwenye plagi ya pampu ikiwa inafanya kazi, akuonyeshe presha kwenye geji kabla na baada, na akukabidhi pampu ya zamani pamoja na soksi yake. Fundi anayejiamini hatakasirika.

Mchangiaji (Majengo, Moshi)

Ninarudi na majibu. Kifuniko cha tangi hakina tatizo. Tulipima mchana gari likiwa limetoka kupanda: volti kwenye pampu zilikuwa karibu sawa na za betri, lakini presha ilianza vizuri na kushuka polepole kadiri lilivyoendelea kunguruma, hadi injini ikaanza kujikwaa. Asubuhi yake presha ilikuwa ya kawaida. Nimeshapata pampu, soksi na pete mpya. Swali langu la mwisho ni mahali. Ninaishi nyumba ya kupanga yenye wapangaji kadhaa, ua ni mmoja, na kila mlango una jiko lake la mkaa barazani. Je, nikiwaomba wasipike kwa saa mbili, inatosha?

Fundi (Unga Limited, Arusha)

Vipimo hivyo vinaonyesha pampu inayochoka ikipata joto, na kwa hilo sina shaka. Ila kwa ua huo, hapana. Utawaomba wapangaji, na watakubali, lakini hutamwona mtoto anayetoka na kibiriti wala mgeni anayeingia na sigara, na mvuke utabaki chini hata baada ya wewe kufunga tangi. Punguza mafuta, chukua spea zako, na ulipeleke gari kwenye kiwanja kisicho na nyumba au kwenye gereji yenye uwanja wa wazi umlipe fundi nafasi tu. Tangi likishafungwa, vitambaa vilivyolowa petroli viache vikauke juani mbali na watu, na petroli uliyoitoa kwa kupimia ihifadhiwe kwenye dumu la chuma lenye kifuniko, isiingie ndani ya nyumba.

Mchangiaji (Majengo, Moshi)

Nimeelewa. Kuna kiwanja cha jamaa yangu njia ya Kibosho ambacho hakijajengwa. Nitaifanyia huko Jumamosi asubuhi, na mdogo wangu atashika kizimamoto.